Namna ya Kuiandika “Inasemekana” kwa Kiingereza

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa habari ya kurasa mbili niitafsiri kutoka Kiingereza, saa moja kabla ya gazeti kwenda mtamboni. Aya ya tatu ilianza hivi: “It is understood that the minister has already resigned.” Nikaandika: “Inaeleweka kwamba waziri amekwisha kujiuzulu.” Asubuhi yake msomaji mmoja akapiga simu. Swali lake lilikuwa moja tu: inaeleweka na nani?

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwandishi wa gazeti la Uingereza anapoandika “it is understood” hana maana kwamba jambo limeeleweka kwa watu. Anasema: nimeambiwa na mtu anayejua, ila hataki atajwe. Nilitakiwa niandike “Habari tulizozipata zinasema waziri amekwisha kujiuzulu.” Badala yake nilichukua mnong’ono wa mtu mmoja nikaufanya jambo lililokwisha kujulikana na nchi nzima.

Tangu siku hiyo sentensi za aina hii, zile zinazoleta maneno ya watu bila kumtaja aliyesema, nazisoma kwa makini kuliko nyingine zote. Nawaandikia wanafunzi wa sekondari wanaopewa zoezi la kuandika upya sentensi, waandishi wa habari wanaoripoti kwa lugha mbili, na watafsiri wenzangu. Kiingereza kina njia zake za kusema “inasemekana”, na Mswahili anayezijua anaandika sentensi safi na pia anajua ni lini aziache.

Tuanze na kile kinachowaponza wengi. Kitenzi cha Kiswahili hutembea na kiima chake ndani. “Inasemekana” ni neno moja, lakini mwanzoni mwake pana kiambishi i-, kile kile cha “inawezekana”, “inafaa” na “inabidi”. Hakisimamii mtu wala kitu. Kimekaa pale kwa sababu kitenzi hakiwezi kuanza bila upatanisho. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo mbele yake lazima pakae neno zima, hata pale ambapo hakuna wa kutajwa. Ndiyo maana Mwingereza akiona mawingu yamefunguka husema “It is raining”, wakati sisi tunaitaja mvua yenyewe. Akiulizwa saa hujibu “It is six o’clock”, sisi tunasema saa kumi na mbili, basi. Lile “it” limewekwa kwenye kiti ili kiti kisibaki wazi.

Mwanafunzi asiyelijua hili huandika “Is said that the bridge has collapsed.” Ametafsiri mzizi wa neno akakiacha kiambishi njiani. Sentensi inayosimama ni “It is said that the bridge has collapsed.” Wengine hukumbuka “it” lakini hukosea kitenzi, wakaandika “It says that the bridge has collapsed.” Hii nayo ni sentensi sahihi, ila maana yake ni nyingine kabisa: kuna barua, tangazo au gazeti, na ndani yake mna maneno hayo. Wapo pia wanaoandika “It is told that…” Hapo Kiswahili chenyewe kinatosha kukuongoza. Hatusemi “inaambiwa kwamba”, kwa sababu kuambia kunamtaka anayeambiwa. Tunasema “tunaambiwa kwamba”. Kitenzi “tell” kina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo andika “We are told that the bridge has collapsed.”

Kwa nini dai lenyewe halikai mwanzoni mwa sentensi? Kwa sababu Kiingereza hupenda kutanguliza chepesi na kumalizia kizito. Ukiandika “That the old town was built by settlers from Persia is widely believed,” hujakosea sarufi, lakini msomaji amebeba mzigo wa maneno kumi kabla hajafika kwenye kitenzi kikuu. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark aliyeandika sarufi ya Kiingereza ya juzuu saba kuanzia 1909, ndiye aliyeupa jina utaratibu huu wa kukisogeza kishazi kizito hadi mwisho na kuacha “it” mahali pake. Jina lenyewe si la lazima kulikariri. Kumbuka utaratibu: “it”, kitenzi cha kudai, “that”, halafu dai.

Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili humtoa mtu au kitu ndani ya dai na kumweka kwenye kile kiti. Kiswahili nacho kinazo zote mbili. Mfano ni Fumo Liyongo, shujaa wa simulizi za pwani. Tunaweza kusema “Inasemekana kwamba Fumo Liyongo aliuawa na mwanawe,” na tunaweza kusema “Fumo Liyongo anasemekana kuuawa na mwanawe.” Kwa Kiingereza: “It is said that Fumo Liyongo was killed by his own son,” na “Fumo Liyongo is said to have been killed by his own son.” Habari ni moja, lakini sentensi hizi haziingii mahali pamoja. Kama unaandika aya kuhusu Liyongo mwenyewe, nguvu zake, mashairi yake, kukimbia kwake kifungoni, tumia ya pili, ili jina lake libaki mbele kama lilivyokuwa katika sentensi zilizotangulia. Kama aya inahusu simulizi yenyewe, jinsi ilivyopokezanwa hadi Muhammad Kijumwa wa Lamu akaitungia utenzi mwaka 1913, tumia ya kwanza, kwa kuwa hapo tunapima maneno yaliyosemwa. Wengi huchagua kwa bahati nasibu, na aya zao zinayumba bila wao kujua sababu.

Hapa pana mtego, na mtego wenyewe ni neno “kuwa”. Katika “Anasemekana kuwa mshairi”, “kuwa” ni kitenzi. Katika “Anasemekana kuwa alizaliwa Pate”, neno hilo hilo linafanya kazi ya “kwamba”. Sikio la Kiswahili halisumbuki, kwa maana zote mbili zinapita. Kiingereza hakikubali. “He is said to be a poet” ni sawa. “He is said that he was born in Pate” si Kiingereza hata kidogo, na hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote katika kazi za vijana ninaowasahihishia. Dawa yake ni jaribio dogo: mahali penye “kuwa”, weka “kwamba”. Ikikataa, kama inavyokataa “anasemekana kwamba mshairi”, una kitenzi mkononi, na Kiingereza chake ni “to be”. Ikikubali, chagua moja kati ya mambo mawili: rudi kwenye “it” na uandike “It is said that he was born in Pate”, au mwache mtu mbele na ugeuze kitenzi, “He is said to have been born in Pate.” “It” inakwenda na “that”; mtu anakwenda na “to”. Usizichanganye.

Si kila kitenzi kinapita njia zote mbili. Vya kawaida magazetini vinapita: “say”, “believe”, “think”, “know”, “report”, “allege”, “claim”, “understand”, “estimate”, “expect”. Lakini “hope” inakwama. Unaweza kuandika “It is hoped that the rains will come early”, huwezi kuandika “The rains are hoped to come early”. “Announce” na “suggest” pia zibakishe na “it”. “Say” yenyewe ina ugeni wake: “He is said to be rich” ni sahihi, lakini ukiigeuza iwe kauli ya kutenda, “People say him to be rich”, inaharibika, na itakubidi uandike “People say that he is rich.” Sijapata kuona sababu inayoweza kufundishwa kwa urahisi darasani. Haya ni ya kuzoea kwa kusoma.

Sasa tufike kwenye njeo, na hapa naomba msomaji asiharakishe, kwa sababu kosa la hapa linaweza kumchafulia mtu jina.

“Juma anadaiwa kuiba ng’ombe.” Kila Mswahili anaelewa kwamba wizi, kama ulikuwapo, umekwisha kutokea. Kitenzijina “kuiba” hakibebi wakati wowote, na hatuhitaji kibebe, muktadha unatutosha. Mwandishi anayehamisha neno kwa neno ataandika “Juma is alleged to steal cattle.” Msomaji wa Kiingereza hapo haelewi kwamba Juma anadaiwa kuiba mara moja usiku fulani. Anaelewa kwamba Juma anadaiwa kuwa na tabia ya kuiba ng’ombe, kwamba ndiyo kazi yake. Dai la tukio moja limegeuka kuwa dai la maisha ya mtu. Sentensi ya haki ni “Juma is alleged to have stolen cattle.” Lile “have” ndilo linalorudisha tukio nyuma. Ukitaka kusema jambo linaendelea sasa hivi, andika “to be”: “He is believed to be hiding in the forest,” anaaminika kujificha msituni. Ukitaka kusema jambo lilikuwa likiendelea wakati uliopita, andika “to have been”: “They are believed to have been hiding there for a week.” Kwa jambo lijalo tumia “expect”: “The ship is expected to dock on Monday.” Kiswahili chetu, “meli inatarajiwa kutia nanga Jumatatu”, kinalingana nayo vizuri.

Hiyo ni njeo ya lile lililodaiwa. Kuna njeo nyingine, ya kudai kwenyewe, nayo huonekana kwenye “is” au “was”. Kwa mfano, mwaka 1498 Vasco da Gama, baharia wa Kireno, alipata huko Malindi nahodha wa kumwongoza hadi India. Ukiandika “It is often said that the pilot was Ahmad ibn Majid,” unasema maneno hayo bado yanazunguka, nawe hujatoa hukumu. Ukiandika “It was long believed that the pilot was Ahmad ibn Majid,” umemwambia msomaji kwamba imani hiyo imepitwa, na anangoja sentensi inayofuata imweleze kwa nini. Wanahistoria wengi leo hawakubali kwamba baharia huyo mashuhuri wa Kiarabu ndiye aliyemwongoza Mreno, kwa hiyo ya pili ndiyo ningeiandika mimi. “Is” na “was” ni vijineno vidogo, lakini hapo vinaonyesha mwandishi amesimama upande gani.

Baada ya sarufi kuna uzito wa kitenzi. Kiswahili cha magazeti kimejizoesha kutumia “inadaiwa” kila mahali: mtu kaua, inadaiwa; bei ya sukari itapanda, inadaiwa; timu imemsajili mshambuliaji, inadaiwa. Ukihamishia tabia hiyo kwenye Kiingereza na kuandika “alleged” kila mara, utashangaza watu. “Allege” ni neno la tuhuma. Hubeba harufu ya polisi na mahakama, na humfuata anayeshutumiwa kwa jambo baya. Mchezaji “hawi alleged” kusajiliwa. Yeye “is reported to have signed”. “Claim” nayo inakubali “inadaiwa” kama tafsiri, lakini ndani yake mna shaka: anayeandika “It is claimed that the medicine cures malaria” amekwisha kuonyesha kwamba yeye hajaridhika. Ukitaka kutopendelea upande, “say” ndiyo salama. “Report” inataka pawe na ripoti kweli, ya mwandishi, ya shirika, ya hospitali. Tetesi za kijiweni hazistahili neno hilo. Hizo ni “rumoured”. “Estimate” ni ya hesabu, nayo inamtaka mtu aliyekadiria. Ukiandika “It is estimated that half the harvest was lost” na hakuna aliyepima shamba hata moja, umempa msomaji namba isiyo na baba. “Believe” nayo inasaidia pale ushahidi upo lakini haujakamilika. “Fear” ni ya maafa: “Ten people are feared dead” ndiyo “inahofiwa watu kumi wamekufa”, na Kiingereza hapo hupenda ufupi huo, bila “to have died”.

Kuna msemo mmoja wa magazeti ya Tanzania unaohitaji kutajwa peke yake: “Imeelezwa kuwa…” Habari nyingi huanza nayo. “Imeelezwa kuwa uhaba wa maji umechangia kuenea kwa magonjwa ya tumbo.” Mtafsiri huandika “It has been explained that…” Lakini “explain” ya Kiingereza hufafanua jambo ambalo msomaji anachukulia kuwa ni kweli, ilhali “kueleza” kwetu mara nyingi ni kusema tu. Isitoshe, shuka hadi aya ya pili au ya tatu ya habari hiyo hiyo utakuta “Hayo yalisemwa jana na mkuu wa wilaya…” Msemaji alikuwapo tangu mwanzo! Kiingereza cha gazeti kinamtaka katika sentensi ya kwanza, na kina desturi ya kumweka mkiani: “Lack of clean water has helped spread stomach disease, the district commissioner said yesterday.” Usitafsiri “imeelezwa”. Mtafute aliyeeleza, umlete juu.

Hapo tunagusa lile ninaloliamini kuliko mengine yote katika makala haya. Kabla ya kuandika sentensi ya “it is said”, chora mstari kati ya kilichothibitika na kinachosemwa. Shakespeare ni mfano mzuri. Kitabu cha kanisa la Stratford kinaonyesha kwamba alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564. Siku ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Tarehe 23 Aprili ni mapokeo. Mwandishi mvivu ataandika “It is said that Shakespeare was born and baptised in April 1564,” na kuuzamisha ubatizo, ambao ni hakika, ndani ya “inasemekana”. Mwandishi makini ataandika “Shakespeare was baptised on 26 April 1564 and is traditionally said to have been born three days earlier.” Maneno ya kuripoti yamefunika kile tu yanachostahili kukifunika.

Sasa upeleke mstari huo kwenye habari za polisi. Mwanamke amekutwa amekufa, mumewe amekamatwa. Nimeona ikiandikwa “It is alleged that a woman died on Sunday and her husband killed her.” Kifo hakidaiwi; maiti ipo hospitali. Kinachodaiwa ni nani aliyeua. Andika “A woman died on Sunday. Her husband is alleged to have killed her.” Kiswahili chetu nacho kinaumwa ugonjwa huu, tunapoandika kwamba mtu “anadaiwa kufariki dunia” wakati ndugu zake wako makaburini wakimzika. Kwa familia inayosoma, hilo ni jeraha. Na baada ya hukumu, neno liondoke: aliyetiwa hatiani “was convicted of”, si “alleged” tena.

Wapo wanaoamini kwamba “it is alleged” ni mwavuli, kwamba ukiuweka juu ya sentensi yoyote mvua ya mahakama haikufikii. Sivyo. Sheria ya kashfa ya Uingereza, ambayo Kenya na Tanzania zilirithi misingi yake, ina kanuni ya zamani: anayerudia kashfa hujibu kama aliyeianzisha. Kinachokukinga ni mahali yaliposemwa na uaminifu wako katika kuyaripoti. Taarifa ya haki na sahihi ya kesi ina kinga. Ndiyo sababu waandishi wa Kiingereza huandika “The court heard that…”, ambayo sisi tunayo kama “Mahakama ilielezwa kwamba…” Maneno hayo yanamwonyesha msomaji chumba, siku na rekodi. Halafu ifuatishe “He denied the charge”, kama kweli alikana. Sentensi hiyo fupi isisahaulike hata siku moja.

George Orwell, katika insha yake ya 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, aliwataka waandishi wasitumie kauli ya kutendwa pale ambapo ya kutenda inawezekana. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Chukua mji wa Kilwa. “It is said that Kilwa was a beautiful town” ni sentensi dhaifu, kwa sababu tunamjua mmojawapo wa waliosema: “Ibn Battuta, who visited Kilwa in 1331, praised its beauty.” Sentensi imepata mtu, mwaka na safari. Lakini Orwell asitumike kama fimbo. Mfanyakazi aliyekupa habari za wizi wa dawa katika zahanati yake anaweza kupoteza kazi ukimtaja. Simulizi ya Liyongo haina msemaji mmoja. Ni ya pwani nzima. Mahali pa namna hii “it is said” ni ukweli mtupu, kwa kuwa hakuna jina ambalo lingekuwa la haki zaidi.

Tofauti hii, kati ya msemaji anayetajika na asiyetajika, Kiswahili kinaionyesha vizuri kuliko Kiingereza. “Inadaiwa” ni kauli ya kutendwa, kwa hiyo unaweza kuendelea: “inadaiwa na majirani”. “Inasemekana” ina mwisho wa -ekana, na ukijaribu kusema “inasemekana na majirani” ulimi unagoma. Neno lenyewe limefunga mlango kwa msemaji. Kiingereza hakina mlango huo. “It is said by the neighbours that…” inawezekana kisarufi, ingawa ni nzito masikioni. Kwa hiyo unapotafsiri “inadaiwa na majirani”, usiburute “it” na “by”. Wape majirani kiti chao: “Neighbours allege that…”

Kwa wanaotafsiri kuja Kiswahili, mawili ya haraka. “Supposed” ina nyuso mbili. “He is supposed to be a doctor” kwa kawaida ni “eti ni daktari” au “wanasema ni daktari”, na shaka imo, lakini “He is supposed to be at work by eight” ni “anatakiwa awe kazini saa mbili.” Angalia kinachofuata kabla hujachagua. Na “eti” yenyewe itunze. Ni neno lenye nguvu, linambeza aliyesema kabla msomaji hajamsikia. Inafaa kwa “supposedly”. Kwa “reportedly” haifai. Hapo “kwa mujibu wa taarifa” inatosha, nawe ongeza taarifa ya nani.

Ukitaka kuanza kazi hii kesho, nunua gazeti la Kiswahili, kalamu nyekundu mkononi, na uzungushie kila “inadaiwa”, “inasemekana”, “imeelezwa” na “inaaminika” katika ukurasa wa kwanza. Kila moja iandike kwa Kiingereza mara mbili, mara moja kwa “it” na “that”, mara moja kwa mtu na “to”, ukiangalia “have” pale inapohitajika. Kisha pembeni mwa kila sentensi andika jina la aliyesema, kama lipo popote ndani ya habari. Pale usipoliona, fanya kama alivyofanya yule msomaji wangu: mpigie mwandishi simu, umuulize ni nani.